HOFU YA SINDANO HUFUNDISHWA, NAYO HUONDOLEWA

Leo katika ukurasa wetu wa afya tutajifunza jinsi mwili unavyopata mazoea. Somo hili litawafaa hasa wazazi wenye watoto wadogo.

Tuseme mama mmoja anaishi katika kijiji cha delta ya Rufiji, wilaya ya Kibiti. Amengoja maji yajae. Amepanda mtumbwi na mtoto wake kwenda kliniki. Njia nzima mtoto anacheka na kucheza. Lakini akimwona mhudumu mwenye koti jeupe, analia kwa nguvu. Bado hajachomwa. Hata sindano yenyewe hajaiona. Kwa nini analia?

Ili tujibu swali hili, tujue kwanza kwamba kuna matendo tunayozaliwa nayo, na kuna matendo tunayojifunza.

Matendo tunayozaliwa nayo

Ukigusa sufuria ya moto bila kujua, mkono unaruka wenyewe. Hupati nafasi ya kufikiri. Habari ya moto husafiri haraka katika mishipa ya fahamu, kutoka kwenye ngozi mpaka ndani ya uti wa mgongo. Hapo hapo amri hurudi kwenye misuli ya mkono. Mkono huanza kuondoka kabla ubongo haujasikia maumivu.

Ukipepeta mchele na pumba zikaelekea jichoni, jicho hufumba. Maji yakiingia njia ya hewa, unakohoa. Mtoto mchanga akiguswa mdomo na titi, hunyonya. Hakuna aliyemfundisha. Matendo haya ni matendo yasiyo ya hiari. Kazi yake ni kulinda uhai.

Mtoto akichomwa sindano, hulia. Hilo nalo amezaliwa nalo. Si utundu, wala si ukaidi.

Matendo tunayojifunza

Sasa fikiri juu ya embe bichi lililokatwa vipande na kutiwa chumvi na pilipili. Je, mate yamejaa kinywani? Lakini embe halipo. Umesoma maneno tu. Mtu ambaye hajapata kuonja embe bichi hatokwi na mate kwa kusikia jina lake. Wewe umelila mara nyingi, na mwili wako umejifunza.

Mtaalamu wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyeishi kati ya mwaka 1849 na 1936, alichunguza jambo hili kwa mbwa. Mbwa akipata chakula mdomoni, hutokwa na mate. Pavlov alimsikilizisha mbwa mlio fulani, kisha akampa chakula. Alirudia hivyo mara nyingi. Mwishowe mbwa alitokwa na mate kwa kusikia mlio tu. Lakini mlio ulipoendelea kusikika bila chakula kufuata, mate yalipungua, hatimaye yakakoma. Shika sana jambo hili, tutalirudia.

Panya wa Morogoro

Mfano mwingine uko hapa hapa Tanzania. Tangu mwaka 2000, shirika la APOPO hufundisha panya buku katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Kwanza panya husikilizishwa mlio mdogo, kisha hupewa chakula kitamu, kama ndizi. Akishajua kwamba mlio una maana ya chakula, hufundishwa harufu. Akitambua harufu ya baruti, husikia mlio na kupata chakula. Akikosea, hapati kitu. Hapigwi wala hatishwi.

Panya hao wametafuta mabomu ya ardhini Msumbiji na Kambodia. Wengine hunusa makohozi na kusaidia kutambua kifua kikuu. Panya mmoja aliyezaliwa Tanzania, jina lake Magawa, aligundua mabomu zaidi ya 70 huko Kambodia. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu. Panya ameweza kujifunza kwa malipo na subira. Mtoto wako je?

Mtoto amejifunza nini?

Mara ya kwanza koti jeupe halikumtisha. Lakini lilikuja koti, ikafuata sindano, yakafuata maumivu. Kwake koti limekuwa kama ule mlio wa Pavlov. Nasi wazazi tunaongeza tunaposema: "Ukilia, nitamwita daktari akuchome sindano!" Maneno hayo yanamfundisha kwamba zahanati ni mahali pa adhabu.

Iko hatari nyingine. Mtoto analia, mama anamwonea huruma, anarudi naye nyumbani bila chanjo. Mtoto amejifunza kwamba kulia kunasaidia. Mama naye amejifunza kwamba kukwepa kliniki kunaleta utulivu. Safari ijayo wote wawili watakwepa upesi zaidi.

Lakini surua haina huruma. Mtoto hupata chanjo anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Chanjo ya surua hutolewa miezi 9 na miezi 18. Huo ndio umri ambao mtoto ameshajua kuogopa. Mzazi akishindwa na kilio wakati huo, mtoto hubaki bila kinga kamili.

Tufanye nini?

1. Tusimtishe mtoto kwa sindano wala kwa daktari.

2. Tumpeleke kliniki hata siku ya kupimwa uzito tu. Akiona koti jeupe mara nyingi bila sindano kufuata, hofu itapungua, kama mate ya yule mbwa.

3. Wakati wa chanjo, mama ampakate mtoto vizuri. Anayenyonya anyonyeshwe hapo hapo. Maumivu hupungua.

4. Mtoto anayeelewa maneno asidanganywe kwamba haitauma. Aambiwe: "Itauma kidogo, halafu itaisha."

5. Baada ya sindano, tumsifu na kumbembeleza. Baba naye afanye hivyo.

6. Tusiondoke kabla chanjo haijatolewa.

Ndugu msomaji, si kila hofu ni mbaya. Mtoto anayeogopa kuoga mtoni penye mamba amefundishwa vema. Hofu hiyo inamlinda. Lakini hofu ya kliniki inamwacha bila kinga. Sisi wazazi ndio walimu wa kwanza. Tuchague vizuri la kufundisha.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Taja matendo matatu ya mwili tunayozaliwa nayo.

2. Kwa nini mate ya mbwa yalikoma?

3. Katika kijiji chako, wazazi huwatisha watoto kwa maneno gani? Yabadilishwe vipi?

4. Angalia kadi ya kliniki ya mtoto wako. Chanjo ijayo ni lini?