Trekta Kuukuu Likilia, Limeumia Wapi?

Wenzangu wengi hapa shuleni ni watoto wa wakulima wa mahindi, mbaazi na alizeti, nao wajua jinsi nyumba inavyokuwa siku trekta linapoanza kulia huku mvua za kwanza zimekwisha kunyesha. Trekta moja hulimia jamaa nyingi. Likilala juma zima, hasara si ya mwenyewe peke yake. Hata mzazi aliyelipa mapema hubaki akitazama mbingu. Basi fundi huitwa, naye pengine husema papo hapo, "Giaboksi imekufa." Yafaa aulizwe kwa heshima: amejuaje?

Swali hilo lina uzito hasa kwa Massey Ferguson 135, trekta lililoanza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na ambalo bado lalima. Halina chesisi kama lori. Injini, giaboksi na difu zimefungwa pamoja kwa bolti, nazo ndizo uti wa mgongo wake. Kuifikia klachi hapana budi kulitenga trekta vipande viwili. Kazi hiyo ikifanywa bila sababu, siku za kulima zimepotea, na fedha zimekwenda.

Watu wengi huuliza mlio ni wa namna gani, kama ni mvumo, mkwaruzo au kishindo. Kwa maoni yangu swali lililo bora ni hili: hulia wakati gani? Kila kifaa kina wakati wake wa kuzunguka, na kisichozunguka hakilii.

Anza trekta likiwa limesimama, breki imefungwa, gia iko huru, injini yanguruma. Ukisikia mlio, kanyaga klachi. Mlio ukikoma, utafute ndani ya giaboksi, kwa maana shafti yake ya kwanza huzunguka hata gia ikiwa huru, nayo husimama klachi ikikanyagwa. Lakini kama kulikuwa kimya na mlio ukaanza ulipokanyaga, shuku beringi ya klachi, ambayo hufanya kazi wakati huo tu. Ma-135 mengi yana klachi ya hatua mbili. Hapo kanyaga nusu kwanza: giaboksi husimama, lakini pampu ya haidroliki na shafti ya nyuma iendeshayo mashine bado zina nguvu. Mlio usiokoma kwa nusu, ukakoma kwa kukanyaga hadi mwisho, watoka huko.

Kisha liendeshwe polepole mahali tambarare. Likilia katika gia moja tu, meno ya gia hiyo yamelika. Likilia katika gia zote za chini na kunyamaza katika zile za juu, tazama gia za sayari zinazopunguza mwendo. Katika mwendo wa juu nguvu hupita moja kwa moja, na gia hizo hazibebi mzigo. Likilia kwenye kona tu, ni gia ndogo za difu, ambazo hazina kazi kubwa trekta liendapo moja kwa moja. Na mvumo ubadilikao, mkali likipanda mlima na mwingine likishuka huku mafuta yameachiwa, mara nyingi ni wa kraunwili na pinioni.

Kipo kipimo kimoja nikipendacho kuliko vyote, nacho chataka chaki tu. Chora alama kwenye mpira wa nyuma, mtu asimame kando, mbali na magurudumu, ahesabu vishindo. Katika 135 ya kawaida kraunwili huzunguka sawa na gurudumu, na pinioni huzunguka kama mara sita kwa kila mzunguko huo. Kishindo kimoja kwa mzunguko ni jino la kraunwili, au ni gurudumu lenyewe. Kwa hiyo nati za magurudumu zikazwe kwanza, maana spana ni rahisi kuliko difu mpya! Vishindo kama sita ni pinioni.

Onyo: shafti ya nyuma huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa sekunde. Shuka, kanga au mkono wa shati ukinaswa, hakuna awezaye kuuvuta nyuma. Usiikaribie injini ikiwaka.

Mwisho hutazamwa mafuta. Wako madereva waongezao mafuta mazito ili mlio usisikike, jambo ambalo ni sawa na kuziba masikio. Katika 135 giaboksi, difu na haidroliki hutumia mafuta yale yale, zaidi ya lita 30, hata vipande vya chuma vyaweza kusafiri mpaka kwenye pampu. Yamwage kidogo katika karai safi na upitishe sumaku. Vumbi laini la chuma ni la uzee. Kikinaswa kipande cha jino, trekta lisiendeshwe wala lisivutwe, kwa sababu magurudumu yakizunguka, difu nayo huzunguka hata injini ikiwa imezimwa. Fundi alifuate shambani.