Dondoo Muhimu: Bima Nafuu ya Gari la Kila Siku

Atakaye bima ya bei nafuu nchini Tanzania pasipo kuhatarisha mali yake, na azingatie haya:

• Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, humlazimu mwenye gari kukata walau bima ndogo, ambayo hufidia madhara yawapatayo watu wengine wala si gari lake. Basi gari kuukuu lenye thamani haba, bima ndogo yaweza kulitosha, ilhali gari la thamani kubwa lastahiki bima kubwa, ifidiayo na gari lenyewe.

• Usitaje thamani pungufu kwa tamaa ya kupunguza ada, kwani gari la shilingi milioni 12 likiandikishwa kwa milioni 9, fidia nayo yaweza kukatwa robo nzima.

• Kabla ya kutia sahihi, uliza kiasi utakachojilipia mwenyewe kila ajali itokeapo, na punguzo upatalo kwa mwaka usiodai fidia.

• Linganisha kampuni kadhaa, ukiwauliza waliopata ajali kama walilipwa haki yao kwa wakati.

• Hakiki stika yako ya bima katika mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kwa maana stika ya kughushi, japo iwe rahisi namna gani, ni hasara tupu siku ya msiba.