Kuiuliza Damu Kama Inakumbuka

Wazee wetu walijua tangu zamani kwamba mtu aliyekwisha ugua surua ni nadra kuiugua tena. Basi mwili hukumbuka. Lakini kumbukumbu hiyo hukaa wapi, nasi twaweza kuipimaje? Hilo ndilo somo letu, ndugu wasomaji.

Virusi viingiapo, mwili hujitetea kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kingamwili, vitu vidogo mno vielevyo katika majimaji ya damu na kuvinasa virusi. Ya pili ni chembe nyeupe ziitwazo chembe T, ambazo baadhi yake huziua chembe za mwili zilizokwisha ingiwa na virusi.

Vipimo vingi hutafuta kingamwili tu, maana ni rahisi. Lakini kingamwili huweza kupungua na chembe T zikabaki. Mwaka 2020 wataalamu wa Singapore walitangaza kwamba watu waliopona ugonjwa wa SARS mwaka 2003 walikuwa bado na chembe T zinazovitambua virusi vile, baada ya miaka 17. Kwa hiyo anayepima kingamwili peke yake asiharakishe kusema mwili umesahau.

Kipimo kimoja cha chembe hizi huitwa elispoti, nacho kilianza mwaka 1983. Hufanywa hivi:

Kwanza, damu hutiwa dawa ya kuizuia isigande, ikamiminwa polepole juu ya maji mazito na kuzungushwa kwa mashine. Chembe nyekundu huzama. Nyeupe tunazozitaka hubaki katikati kama wingu jembamba.

Pili, chembe hizo hutiwa katika kibao chenye vishimo 96. Chini ya kila kishimo pamepakwa kingamwili zinazonasa intaferoni, kitu ambacho chembe T hukitoa zimtambuapo adui. Tuseme kila kishimo kina chembe 200,000. Kimoja hutiwa vipande vya protini ya virusi, visivyoweza kuambukiza. Cha pili hakitiwi kitu. Cha tatu hutiwa dawa itokayo katika maharagwe mekundu, ambayo huziamsha chembe T bila kuchagua. Kibao hulazwa usiku kucha katika joto la digrii 37.

Tatu, chembe huoshwa zikaondoka, na rangi ikatiwa. Palipokaa chembe iliyoamka pataonekana doa, kama majivu yaonyeshavyo mahali alipolala msafiri. Kishimo cha virusi kikiwa na madoa 30, na kile kitupu madoa 4, twatoa 4, yabaki 26. Yaani madoa 130 kwa chembe 1,000,000. Lakini kishimo cha maharagwe kikikosa madoa, hesabu yote ni bure, maana yaelekea chembe zilikuwa zimekufa.

Hapo ndipo penye neno kubwa. Kingamwili zaweza kupimwa hata katika tone la damu lililokaushwa juu ya karatasi, bali chembe T hujibu zikiwa hai tu. Yafaa damu ifike maabara siku ile ile, isipigwe na jua wala isiwekwe kwenye barafu. Huko chembe zikisha tengwa zaweza kuhifadhiwa katika naitrojeni ya majimaji, digrii 196 chini ya sifuri.

Mwaka 1999 watu 40 walijitolea mjini Kampala kwa jaribio la kwanza la chanjo ya virusi vya UKIMWI katika Afrika, na elispoti ilikuwa miongoni mwa vipimo vilivyotumika. Madoa peke yake hayathibitishi kwamba mtu amekingwa, ila huonyesha kama chanjo imeziamsha chembe. Mtu mzima wa afya alitoa mkono wake achomwe sindano kwa faida ya wengine. Damu yake ikiharibika njiani, sadaka yake imepotea.

Basi ninyi mliotutangulia, mnaofanya kazi katika zahanati na magari ya hospitali, msidhani kazi ya kuichukua chupa ya damu ni ndogo. Nasi tulio bado darasani tujifunze kwa bidii, tuje kuwapokea mzigo huo.