"Amri Iliyostaafishwa": Uteuzi wa Kitenzi katika Istilahi za Tarakilishi

Utangulizi

Makala hii inanuia kuonyesha kwamba kitenzi kinachoteuliwa kueleza tukio la kiteknolojia humwelekeza msomaji katika hatua atakayoichukua. Mfano unaotumiwa ni Enable-AntispamUpdates, amri iliyokuwamo katika Exchange Server 2007 na 2010, programu za Microsoft za kuendeshea seva za barua pepe. Kwa amri hiyo, msimamizi wa seva aliwezesha kichujio cha barua taka kupokea masasisho, yakiwemo alama za kutambulisha barua hizo na sifa za anwani zinazozituma.

Kiini cha Suala

Walaghai hubadilisha mbinu kila uchao. Kwa hivyo, kichujio kisichosasishwa huzeeka. Toleo la 2013 halikuwa na amri hiyo. Tarehe 1 Novemba 2016, Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kichujio chake, SmartScreen, katika Exchange na Outlook. Kichujio chenyewe hakikuondolewa. Kiliendelea kuchuja kwa maarifa ya jana.

Hali hii ni tofauti na ile inayofahamika Sirisia, katika Kaunti ya Bungoma. Mzee anywaye busaa kwa mrija hujua mara moja kwamba kichujio kilicho nchani kimetoboka, kwani machicha humfika kinywani. Kichujio cha seva kilichopitwa na wakati hakina ishara kama hiyo. Barua ya ulaghai huingia ikiwa imevaa sura ya barua halali.

Uchanganuzi

Chukua mfano wa karani wa shule huko Sirisia anayesoma ilani kuhusu amri hiyo. Akiambiwa "imezimwa", ataelewa kwamba yaweza kuwashwa tena. Akiambiwa "imeharibika", atamsubiri fundi. Akiambiwa "imestaafu", ataelewa kwamba kazi imekoma, ila atadhani amri imejiondokea yenyewe. "Imestaafishwa" hueleza zaidi. Kiambishi -ish- cha usababishi na -w- cha kutendwa hudokeza kwamba yupo mwajiri aliyeamua, ingawa hakutajwa. Aidha, mwalimu anapostaafishwa, darasa huhitaji mwalimu mwingine. Vivyo hivyo, karani ataanza kuuliza ni nani sasa analinda barua za shule.

Swali hilo ndilo lenye faida. Huduma kwa toleo la 2007 ilikoma Aprili 2017, na kwa toleo la 2010 Oktoba 2020. Anayeendelea kuyategemea hahitaji kurudia amri. Anahitaji mfumo mwingine.

Hitimisho

Mjadala wa istilahi za tarakilishi umejikita mno katika nomino: seva, kichujio, barua taka. Makala hii inapendekeza kwamba vitenzi navyo vipewe uzito uo huo, kwa kuwa nomino humwambia mtumiaji anacho nini, ilhali kitenzi humwambia kimepatwa na nini na afanye nini.