CB400 ya Japani au Boxer ya dukani?

Swali: Nipo Dodoma. Niagize Honda CB400 iliyotumika kutoka Japani, au ninunue Boxer 150?

Jibu: Kama ni ya kazi, chukua Boxer. Ina silinda moja, na vipuri vyake vinapatikana hadi vijijini. CB400 ina silinda nne. Matoleo ya zamani yana kabureta nne za kusawazisha, kazi ambayo mafundi wachache wanaiweza.

Ukiagiza, usihesabu bei ya mnada peke yake. Ushuru wa forodha hukokotolewa juu ya bei, bima na nauli ya meli, kisha huongezwa VAT ya asilimia 18. Kabla hujalipa, omba picha ya namba ya chasi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, uilinganishe na cheti cha Japani. Na ukinunua iliyotumika hapa nchini, isiyo na kadi ya TRA, hata ikiuzwa bei ya kutupa, achana nayo.