Nani anapaswa kutengeneza chemchemi? Sheria ya utawala wa karibu na haki ya mkimbizi wa ndani

Somo la kujadiliana katika kambi, vijijini na katika jamaa zilizopokea wageni

 Somo hili tunalianza kwa kuungama kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja kandokando ya barabara inayotoka Mweso kuelekea Pinga, chemchemi iliharibika. Bomba lilipasuka, ukuta wa saruji ukabomoka, na maji yakachanganyika na matope ya ng'ombe. Wenyeji walisema: "Wakimbizi wamekuwa wengi, ndio wameivunja, shirika lao litengeneze." Wakimbizi walisema: "Kilima si chetu, mwenye kilima atengeneze." Akina mama walianza kusukumana kwenye foleni, na siku moja vijana wa pande mbili wakashikana kwa fimbo. Sisi tuliitwa kupatanisha. Tulifanya nini? Tulileta mifuko ya saruji, tukatengeneza, tukapiga picha, tukaondoka. Msimu wa mvua uliofuata chemchemi ilibomoka tena, na ugomvi ukarudi pale pale ulipokuwa. Hakuna aliyekuwa ameulizwa kuitunza.

Tuliporudi, mzee mmoja alituuliza swali ambalo tulipaswa kuwa tumelijibu mapema: "Ninyi mliosoma, sheria inasema kazi hii ni ya nani?"

Jibu lipo. Katiba ya nchi yetu, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, inasema katika kifungu cha 3 kwamba chini ya jimbo kuna serikali za karibu zenye mamlaka na mfuko wao: mji, komini, sekta na usultani. Usultani ndio huo ambao wengi wetu bado tunauita kolektivite. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikaeleza namna serikali hizo zinavyoundwa na kazi zinazozihusu.

Hapa watu wengi hukosea mlango. Wanapanda hadi Masisi kati kumwona administrateri kwa ajili ya kijiko cha saruji. Mtaa wa Masisi (teritwari) ni ofisi ya serikali kuu na ya jimbo. Hauna mfuko wake kama usultani ulivyo nao. Kundi na kijiji navyo havina, ijapokuwa shefu wa kundi ndiye tunayemwona kila siku. Katika mtaa wa Masisi kuna usultani wa Bahunde, usultani wa Bashali, sekta ya Osso-Banyungu na sekta ya Katoyi. Mweso iko Bashali. Kwa ndugu zetu walioko upande wa Walikale, kuna sekta mbili, Bakano na Wanianga. Kwa hiyo mtu anayekaa Mweso leo, awe alizaliwa hapo au alifika usiku akiwa na godoro kichwani, mlango wake wa kwanza kwa mambo ya maji, soko na njia ndogo ni usultani wa Bashali.

Kazi zenyewe ni zipi? Njia za vijijini na madaraja madogo, soko, usafi, chemchemi na visima, kujenga vituo vya afya na shule za karibu, kuandika vizazi na vifo. Kuna mambo ambayo si yake. Mshahara wa mwalimu wa shule ya serikali unatoka kwa serikali kuu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ni bure, na amri hiyo ilianza kutekelezwa nchini kote Septemba 2019. Hospitali kuu ya Mweso nayo iko chini ya zoni ya afya. Tunayasema haya ili msimlaumu mwami kwa dawa iliyokosekana hospitalini, wala msimlaumu daktari mkuu kwa daraja la miti lililooza.

Sasa wenyeji wengine watauliza: je, mkimbizi ana sauti gani katika usultani usio wa baba zake? Swali hili ni zito huku Masisi, na damu imemwagika kwa ajili yake tangu miaka ya 1990. Hatutalikwepa. Kifungu cha 30 cha Katiba kinampa kila mtu aliyeko nchini haki ya kutembea na kuchagua mahali pa kukaa. Kifungu cha 13 kinakataza Mkongomani kubaguliwa kwa sababu ya kabila, lugha, ukoo, na, angalieni vizuri neno hili, makao yake. Kifungu cha 207 kinatambua mamlaka ya kimila, kisha kinaongeza kwamba mamlaka hiyo ina wajibu wa kuendeleza umoja wa taifa. Sheria ya tarehe 25 Agosti 2015 juu ya watawala wa kimila ilikuja baadaye kueleza hadhi yao. Mwami basi ni mwami wa wote wanaokaa kwake. Nazo Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 zinasema kwamba wajibu wa kwanza wa kuwalinda na kuwasaidia wakimbizi wa ndani ni wa mamlaka za nchi yao, si wa mashirika kama letu.

Lakini tuwasikilize wenyeji pia, kwa maana hofu yao si ya bure. Katika mikutano yetu hawakuogopa sana kugawana maji. Waliogopa karatasi. "Leo ataandikwa kwa chemchemi, kesho atasema shamba ni lake." Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya taifa, na ikaahidi kwamba ardhi za jamii za vijijini zitaelezwa na amri nyingine ya rais. Amri hiyo haikutoka. Ndiyo maana shamba la kuazimwa kwa mdomo linaleta vita hadi leo. Tunachoweza kusema kwa uhakika ni hiki: haki ya kuteka maji, kuuza sokoni na kumwandikisha mtoto inatokana na kukaa mahali. Haimpi mtu shamba aliloazimwa. Viongozi wakisema hivyo wazi mbele ya pande mbili, na kuandika makubaliano ya shamba katika karatasi ya peke yake yenye mipaka na muda, tumeona hasira ikishuka.

Twende kwenye fedha, kwani hapo ndipo watu hunyamaza.

Kifungu cha 175 cha Katiba kinayapa majimbo sehemu ya 40 kwa mia ya mapato ya taifa, na kinataka fedha hizo zibaki jimboni papo hapo zinapokusanywa. Sheria ya 2008 inaendelea: katika sehemu hiyo ya jimbo, miji, komini, sekta na sultani zina haki ya 40 kwa mia. Kwa hesabu ya sokoni: katika kila franga 100 za mapato ya taifa, 40 ni za majimbo, na katika hizo 40, franga 16 zingefika kwa serikali za karibu. Kugawana kwake kunaangalia uzalishaji, ukubwa wa ardhi na wingi wa watu. Wakimbizi nao ni watu wa kuhesabiwa, ingawa hesabu ya mwisho ya watu wa nchi nzima ilifanywa mwaka 1984, wakati wengi wenu hamjazaliwa.

Je, fedha hizo zilifika? Kubaki papo hapo hakukufanywa kama Katiba ilivyosema. Fedha zilipanda Kinshasa kwanza, kisha zikarudi kidogo na bila utaratibu. Ndiyo sababu usultani mwingi umeishi kwa ushuru wa soko na kodi ndogondogo, na ndiyo sababu mama mwenye beseni moja la viazi hufuatwa na mtoza ushuru kabla hajauza hata kimoja. Hatusemi hivyo kumtetea mtoza ushuru. Tunasema ili mjue ugonjwa ulipoanzia.

Hata hivyo ushuru una mipaka. Kifungu cha 174 kinasema hakuna kodi isiyowekwa kwa sheria, na amri yenye nguvu ya sheria ya tarehe 13 Machi 2018 iliorodhesha kodi na ushuru wa majimbo na wa serikali za karibu. Ushuru halali una jina, una kiasi kinachojulikana, na una risiti yenye muhuri na tarehe. Mama Mweso aliyekuwa akiweka risiti zake zote ndani ya pakiti ya sukari alitufundisha zaidi ya semina. Alipoambiwa hajalipa, alimwaga pakiti juu ya meza, na mambo yakaisha. Jeto ya kwenye baryeri ni jambo lingine, na kazi ya lazima inayoitwa salongo huku mtu ameshika bunduki pia ni jambo lingine; kifungu cha 16 kinakataza kazi ya kulazimishwa. Lakini tunawaomba: msibishane na mwenye silaha kwa kumsomea Katiba. Pita salama, kumbuka tarehe na mahali, kisha mweleze mtu unayemwamini.

Nani basi amwulize mwami habari za mfuko? Kwa sheria, ni baraza la usultani, lililochaguliwa na wananchi. Baraza hilo halijawahi kuchaguliwa. Tulipiga kura mwaka 2006, 2011 na 2018 kwa ajili ya rais na wabunge. Mwaka 2023 madiwani walichaguliwa katika komini za miji mikuu ya majimbo tu, na huku Masisi na Rutshuru kura haikupigwa hata ya rais, kwa sababu ya vita. Kabla ya hapo, tangu tarehe 6 Mei 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Kisha mapigano yakapita Kitshanga, yakafika Mweso yenyewe, na Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa M23. Mwezi uliofuata kambi za kandokando ya Goma ziliondolewa, na jamaa nyingi zikarudi huku bila kujua kama nyumba ipo.

Hatuandiki hapa nani ana haki ya kiti gani. Gazeti hili linasomwa pande zote za mstari wa vita, na anayelibeba asipate taabu. Tunachojua ni kwamba anayeketi ofisini anaweza kubadilika, na chemchemi ikabaki pale pale.

Turudi basi kwenye kile kijiji. Mara ya pili hatukuleta saruji. Kamati ya kambi na wazee wa kijiji waliketi jioni tatu na kuandika barua moja, si mbili. Walitaja chemchemi, idadi ya jamaa zinazoitumia, za wenyeji na za wakimbizi pamoja, na kile walichokuwa tayari kutoa wenyewe: mawe, mchanga na mikono. Walitaja sheria ya 2008 kwa namba yake, kwa heshima, bila kutisha. Nakala ilipitia kwa shefu wa kundi, nyingine ikabaki kijijini ikiwa na muhuri wa mapokezi. Jibu lilikawia. Lilipofika lilisema fedha ni chache, lakini fundi atakuja na mabomba yatapatikana. Fundi alikuja. Kijana mmoja mwenyeji na mama mmoja mkimbizi walipewa ufunguo wa kutunza. Vita vilipokuja tulitawanyika sote, na tuliosikia habari wanasema maji bado yanatoka.

Katika barua kama hiyo tunaonya jambo moja, nasi tumelijifunza kwa uchungu. Msiambatanishe orodha ya majina. Idadi ya jamaa inatosha. Orodha ya majina ya wakimbizi, pamoja na vijiji walikotoka, ikianguka katika mikono mibaya inaweza kuua. Kiongozi wa kambi anayeombwa orodha na yeyote aulize ni ya kazi gani, na kama ana mashaka, aende kwanza kushauriana na wenzake.

Tusisahau watoto. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inampa kila mtoto haki ya kuandikishwa ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa, na marekebisho ya sheria ya jamaa ya mwaka 2016 yakafuata siku hizo hizo. Zikipita, inabidi kupitia mahakama, na hapo gharama huanza. Mama aliyezalia hospitalini au kwenye kituo cha afya asiondoke bila karatasi ya kuzaliwa kwa mtoto. Aliyezalia njiani atafute mashahidi mapema. Mtoto asiye na karatasi leo, kesho ataambiwa si wa hapa wala si wa kule, na huku kwetu tunajua neno hilo linavyoweza kutumiwa.

Maswali ya kikundi. Changanyeni wenyeji na wakimbizi, na akina mama wazungumze kwanza.

Ni huduma gani moja mnayoigombania sasa, na kwa sheria ni ya mlango upi: kijiji, usultani au sekta, jimbo, au serikali kuu?

Sokoni kwenu, ushuru upi unatolewa kwa risiti na upi bila risiti? Nani anaweza kuuliza bila kuhatarisha maisha yake?

Katika kamati yenu, ni nani anayeshika nakala za barua na karatasi za watoto mkilazimika kukimbia usiku?