Fanya Kabla: Somo Nililolipia kwa Bumu Zima

Ndugu mwanachuo, usifunue ukurasa unaofuata kwa kudhani makala hii ni ya wenye magari. Wengi wetu hatuna gari. Lakini wote tunapanda: tunaazima la kaka, tunakodi la kwenda mahafali, tunachangishana mafuta kwenda msibani. Na siku niliyoua injini ya gari la watu sikuwa peke yangu. Tulikuwa watano ndani.

Ilikuwa Aprili, masika yamekolea Dar es Salaam. Mjomba alikuwa ameniazima gari lake dogo la otomatiki nimpeleke mwenzetu stendi. Leseni nilikuwa nayo, ina miezi minne. Tulipofika bondeni tukakuta maji yamekatiza barabara. Basi moja likapita mbele yetu bila shida. Nyuma wakaanza: "Pita bwana, mbona basi limepita! Kanyaga, tutachelewa!" Nikakanyaga. Katikati ya maji injini ikakohoa, ikazima. Nikawasha, haikuwaka. Nikawasha tena, na tena. Mara ya tatu nikasikia "ko!" moja nzito, kisha kimya.

Fundi alipofungua akanionyesha konrodi imepinda. Akanieleza kwa lugha ambayo hata mhadhiri wa fizikia angeikubali: hewa inabanika, maji hayabaniki. Pistoni ikipanda ikakuta maji ndani ya silinda, lazima kitu kimoja kishindwe, na maji hayashindwi. "Ungeliacha pale pale lilipozima ukalivuta," akasema, "pengine tungetoa maji, tukabadili oili na filta, ukaenda zako. Wewe ukang'ang'ania kuwasha."

Bumu lote likaishia gereji, na deni likabaki. Lakini kilichoniuma zaidi ni mke wa mjomba. Anauza mboga, na gari lile ndilo lililombebea mzigo kutoka sokoni kila alfajiri. Wiki saba alikodi bajaji, faida yake yote ikaishia kwenye nauli. Hakunigombeza hata siku moja. Afadhali angenigombeza.

Mjomba aliendesha malori njia ya Zambia kwa miaka mingi. Gari lilipopona akaniita: "Jumamosi tunakwenda Iringa, wewe ndiye utaendesha." Nikadhani ananitania. "Sikutanii, mpwa wangu. Ada umeshalipa, sasa njoo usome."

Somo lake zima lilikuwa maneno mawili: fanya kabla. Alisema matatizo mengi ya barabarani huwa yameshaamuliwa kabla hujayaona. Ukishakuwa katikati yake, umebaki na bahati tu. Haya ndiyo aliyonifundisha, kwa mpangilio wa safari yenyewe.

KABLA YA UFUNGUO

Alfajiri, injini ikiwa ya baridi, tulifungua boneti. Tukapima oili, tukaangalia maji ya rejeta na mafuta ya breki. Tukapima upepo wa matairi kabla hayajapata moto. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko, kwa kawaida kwenye nguzo ya mlango wa dereva, wala si cha kukisia kwa kupiga tairi teke. Upepo ukiwa mdogo, tairi linajikunja, linapata joto na linaweza kupasuka ukiwa kwenye mwendo. Tukaangalia pia tairi la akiba, jeki, spana na pembetatu. Dakika 15, kazi imeisha.

MWENDO NA HESABU YAKE

Tukiwa tumeshaiacha Chalinze, barabara imenyooka, mguu wangu ukaanza kuwa mzito. Mjomba akauliza: "Ukitoka 50 ukaenda 100, umbali wa kusimama unaongezeka mara ngapi?" Nikajibu mara mbili. Akacheka. "Na chuo unakwenda!"

Tufanye hesabu. Kwenye 50 km kwa saa, gari linatembea kama mita 14 kila sekunde. Kwenye lami kavu, kwa matairi mazuri, breki zinahitaji takriban mita 14 kulisimamisha. Kwenye 100 zinahitaji kama mita 55. Mwendo umezidi mara mbili, umbali wa breki umezidi mara nne. Ongeza sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki: jumla ni kama mita 28 kwa 50, na kama mita 83 kwa 100. Mtoto akikatiza mita 40 mbele yako, dereva wa 50 atasimama na kupumua. Dereva wa 100 atakuwa hata hajaanza kupunguza mwendo wa maana.

MVUA NA MAJI

Karibu na Morogoro mvua ikaanza. Dakika za mwanzo za mvua ni za kuogopa sana, kwa sababu vumbi na oili iliyomwagika barabarani vinachanganyika na maji, lami inateleza kama sabuni. Punguza mwendo matone ya kwanza yanapoanguka, washa taa, na ongeza nafasi kati yako na aliye mbele angalau mara mbili.

Mifereji ya tairi kazi yake ni kusukuma maji pembeni. Tairi likiwa kipara au mwendo ukiwa mkubwa, maji yanashindwa kutoka, na tairi linapanda juu yake. Utasikia usukani umekuwa mwepesi ghafla. Hapo usikanyage breki wala usikate kona. Toa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani ulivyo, subiri tairi liguse lami.

Maji yaliyokatiza barabara ni habari nyingine. Sentimita 30 tu zinaweza kuelesha gari dogo, na 60 zikaondoka na gari nyingi. Tena huoni chini: barabara inaweza kuwa imeshakatika. Kama hujui kina, usiingie. Basi kupita si kipimo, kwani basi lina uzito wake, na hewa ya injini inaivuta kutoka sehemu ya juu zaidi. Na ukikosea ukaingia, likazima, usiwashe. Kama maji yanaendelea kupanda, tokeni mapema, gari linabaki.

WANYAMA NA GIZA

Baada ya Morogoro barabara inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Vibao vya mwendo viko, na vibao vya faini kwa atakayegonga mnyama viko pia. Nilipoona swala mmoja amevuka nikaongeza mafuta. Mjomba akanishika mkono: "Swala hatembei peke yake. Akipita mmoja, subiri wa pili." Kweli, wakatoka wengine wanne.

Usiku mambo ni magumu zaidi. Taa za chini zinakuonyesha takriban mita 50 tu. Kwenye mwendo wa 80 unahitaji karibu mita 57 kusimama. Maana yake, utakachokiona umeshakigonga. Ndiyo maana mjomba hasafiri usiku ila kwa lazima, na akisafiri anakwenda kwa mwendo ambao taa zake zinautosha. Ukikuta majani au matawi yamewekwa barabarani, usiyapite tu. Hiyo ni lugha ya madereva: mbele kuna gari limekufa, na huenda halina hata taa.

KITONGA: KUPANDA NA KUSHUKA

Ukishapita Ruaha Mbuyuni na Mahenge, unakutana na Kitonga. Kupanda, adui ni joto. Weka gia ndogo mapema, usibanane na lori lililo mbele, usiovateki kwenye kona hata kama dereva wa lori amekupa ishara ya kupita. Yeye amekusaidia macho tu, roho ni yako. Mshale wa joto ukianza kupanda, zima kiyoyozi. Ukiendelea kupanda, tafuta sehemu salama, simama, zima. Usifungue mfuniko wa rejeta kwa moto: maji ya ndani yamebanwa na yatakurukia usoni. Subiri lipoe vizuri. Na usimwagie injini maji baridi ikiwa imechemsha, chuma kinaweza kupasuka.

Tuliporudi Jumatatu tuliushuka mlima huo huo, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mjomba alinisimamisha juu kabisa, kabla ya mteremko. "Toa kwenye D, weka 2. Sasa, si kule chini." Gia ndogo inaifanya injini ilizuie gari. Ukitegemea breki peke yake na kuikanyaga muda wote, zinapata moto, mafuta ya breki yanachemka, pedali inazama hadi chini na gari halisimami. Tuliposhuka, mwendo ukizidi nilikanyaga breki kwa nguvu kidogo, ukashuka, nikaachia zipoe. Kuweka nyutro ili kuokoa mafuta ni kujitakia kifo, maana injini haikuzuii tena na unabaki na breki tupu. Katikati ya mteremko tulikuta gari dogo limesimama pembeni, magurudumu yanatoa moshi, familia imekaa kwenye jiwe. Walikuwa wazima. Walisimama mapema.

VUMBI NA MASHIMO

Kutoka Iringa kwenda kijijini ni barabara ya vumbi. Changarawe haishiki tairi, kwa hiyo kila kitu kifanywe polepole: breki, kona, mafuta. Ukipishana na gari, punguza, usiingie kwenye vumbi lake usichokiona. Shimo nalo lina somo. Wengi tunakanyaga breki tukiwa ndani yake. Breki inaisukuma pua ya gari chini, shokapu zinabanwa, na pigo lote linakwenda kwenye rimu na bolijointi. Funga breki kabla ya shimo, kisha achia gurudumu lizunguke lipite. Fanya kabla.

NENO KWA WALIOKAA NYUMA

Wiki mbili zijazo UE zinaisha, na magari ya kuazima yataanza kutoka getini yamejaa. Dereva atakuwa mmoja wetu, mwenye leseni changa na usingizi wa siku tatu. Nimekaa sana nikifikiria ile sauti ya "Pita bwana!" Waliopiga kelele ni rafiki zangu, na kosa lilikuwa langu kwa kuwasikiliza. Lakini najua pia kwamba mtu mmoja tu angesema "tugeuze", ningegeuza. Nilikuwa naogopa, nilikuwa nasubiri mtu aseme.

Kwa hiyo ukiwa umekaa nyuma, funga mkanda, na useme. Dereva akisinzia, sema. Akikimbia kwenye mvua, sema. Mkifika kwenye maji, sema kabla tairi halijalowa. Atakuona mwoga kwa dakika tano, na mtafika.

Deni la gereji nimelimaliza mwezi uliopita. Siku hizi Jumamosi alfajiri ni mimi ninayempeleka mke wa mjomba sokoni, na kabla ya kuwasha gari ananiuliza swali moja: "Umeangalia maji?"